Ametuacha

Siku aliyokufa Isidore ilikuwa Jumanne ya kawaida kabisa, na hilo peke yake lilimkasirisha binti yake Lydie. Baba yake alikuwa ameinama akifunga kamba za kiatu. Akalalamika kwamba chai haina sukari, akaegemea ukuta, basi. Mama Angélique, mkewe, aliporudi na sukari hakukuwa tena na mtu wa kumpa. Daktari alisema ni tension, presha ya damu. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemroga. Moyo ulichoka, ukasimama.

Kufikia mchana vijana wa mtaa wa Nyakasanza walikuwa wameshafunga bache, turubai la msiba, juu ya uwanja, viti vya plastiki vimepangwa, na wamama wanachochea moto chini ya sufuria kubwa. Lilibaki jambo moja. Katika ukoo wao, ndugu mkubwa ndiye anayemwaga udongo wa kwanza juu ya mdogo wake na kusema: "Enda, sina neno na weye." Bila hivyo watu wanazika, ndiyo, lakini wanazika wakiinamisha macho. Ndugu mkubwa wa Isidore alikuwa Marcellin, mvuvi wa Tchomia, na kule Tchomia rezo ilikuwa imekatika. Simu yoyote haikupita.

"Mupeleke komunike kwa radio," Mama Angélique akasema. "Marcellin anaweza kusahau wavu yake, lakini radio hapana."

Radio yenyewe ilikuwa Kengele, radio ya upinzani. Isidore na Marcellin walikuwa watu wa upinzani tangu ujana, na Isidore alikuwa hata prezida wa seli, tawi la chama katika mtaa. Ng'ambo ya barabara watu walisikiliza Jembe, radio ya utawala. Zamani mtu alisikiliza zote mbili na kuzicheka zote mbili. Siku hizi ukipita mbele ya duka unasikia radio yake, unajua mwenye duka ni wa upande gani kabla hujamwona uso, na kama si wa upande wako, unaenda kununua chumvi mbali.

Lydie aliandika jinsi kila mtu anavyoandika Bunia: "Jamaa ya Papa Isidore wa Nyakasanza inawatangazia kwa huzuni kwamba ametuacha leo asubuhi. Ndugu yake Marcellin, wa Tchomia, afike haraka." Ametuacha. Kuna neno gani lingine la heshima? Hakuna anayeandika juu ya baba yake kwamba amekufa, kama vile anaandika juu ya kuku.

Lakini ulikuwa mwezi wa wanasiasa kuhama vyama. Leo huyu anavua kofia ya upinzani, kesho yule anavaa ya utawala, na kila jioni Néhémie, mtangazaji wa Kengele mwenye ulimi mkali kuliko wote, alisoma majina yao na kuwatukana. Namna gani karatasi ya Lydie ilitoka kwenye matangazo ya vifo ikafika mezani kwake, hakuna aliyejua. Jioni, watu wa kilio wakiwa wamekaa chini ya bache, sauti yake ikapanda:

"Na mwingine tena, wasikilizaji! Isidore, prezida wetu wa Nyakasanza! Jamaa yake yenyewe inatuandikia na huzuni: ametuacha leo asubui! Aende! Walimupa nini? Na mutege masikio: kesho watasema alikuwa mugonjwa, watasema hata alikufa, ili tumuonee huruma. Musikubali!"

Kisha mzee mmoja akakohoa, akasema, "Kweli alienda. Lakini si kule."

Lydie alitaka kucheka na alitaka kuuma mtu, vyote pamoja.

Asubuhi Jembe nayo ikajibu. Ilimkaribisha Isidore, ikamsifu kwa kufungua macho. Kabla chai ya wafiwa haijachemka, Arlette, jirani wa ng'ambo, akavuka barabara na beseni la ndizi kichwani. Alikuwa hajavuka tangu uchaguzi.

"Mama Lydie! Tulisikia! Muzee alichelewa, lakini alifika! Sasa siye ni watu wamoja!" Akaona bache. "Hee, munafanya hata feti, munasherehekea?"

"Ni kilio, Mama Arlette," Angélique akasema.

"Kilio ya nani?"

"Ya ule munamukaribisha."

Arlette akashusha beseni polepole, akakaa chini kwenye vumbi na kitenge chake kizuri, akalia. Alilia kweli, kwa kuwa Isidore ndiye aliyewahi kumbeba mtoto wake mgongoni mpaka hospitali. Lydie alimtazama akawaza: kumbe ilihitaji kifo na uongo juu yake ndipo mtu avuke barabara.

Mchana rezo ikarudi Tchomia. Lydie akapiga simu.

"Baba mukubwa, ni miye, Lydie."

"Mutoto wa nani?"

"Baba mukubwa! Wa mudogo yako."

"Siko na mudogo. Ule aliuza jina yetu."

"Baba alikufa jana! Iko kwa morge ya hospitali! Tunakungojea, kesho tunazika."

Upande wa pili kicheko kikavu. "Néhémie alisema. Alisema mutasema tu hivyo. Ona sasa, hamukupitisha hata siku mbili."

"Weye unasadiki nani, Néhémie ao miye? Ulinipatia jina weye mwenyewe!"

"Mwambie babako anipigie yeye mwenyewe simu. Nitamusikia."

"Na mudomo gani?" Lydie akapiga kelele. Lakini simu ilikuwa imekatwa, na alipopiga tena haikuita.

Alipanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka Kengele. Néhémie alikuwa kijana mwembamba, mpole, mwenye mafua. Alimpa kiti, akampa pole, akasoma karatasi upya na kushika kichwa.

"Dada, ni makosa. Unisamehe."

"Sitaki samahani. Sema kwa radio kwamba baba alikufa."

Akajikuna. "Tukisema tulikosa, Jembe watatukula. Lakini sikia, kuko njia. Naweza kusema walimuua. Alikataa kuhama, wakamuua. Ile itapita hata saa hii."

"Alikufa na tension!"

"Tension ililetwa na nani?"

Lydie akasimama. Akaenda mpaka Jembe, na huko hali ilikuwa ileile kwa upande wa pili: mkurugenzi alikubali kutangaza kifo, mradi iongezwe kwamba marehemu alikufa akiwa mtu wao. Ilikuwa kutwanga maji kwenye kinu, na kila mtwangaji alikuwa na adabu nzuri kabisa.

Alhamisi hawakuweza kungoja tena. Joto lilikuwa kali, na friji za morge hazikuwa na umeme wa kutosha. Lydie aligeuka kila moto iliponguruma nyuma ya makaburi. Pasta alisoma, akasoma tena sehemu ileile ili kuvuta wakati. Mwishowe akauliza ni nani mkubwa. Waliokuwa hapo walitazamana. Mtu pekee aliyemzidi Isidore umri alikuwa Baudouin, mume wa Arlette, mtu wa Jembe, aliyekuja na kofia ya utawala kwa sababu hakuwa na nyingine ya kuzuia jua.

Baudouin akavua kofia. Akamtazama Angélique, naye akatikisa kichwa kukubali. Mzee akachukua udongo kwa mikono miwili, akaumwaga.

"Enda, Isidore. Sina neno na weye. Tuligombana sababu ya watu hatukuwajua."

Jioni hiyohiyo Jembe ikatangaza kwamba chama kimemzika mtu wake kwa heshima. Kengele, nayo, ilikubali sasa kwamba Isidore amekufa, ikasema: mumeona nani alimumwagia udongo? Muko na shaka bado?

Hivyo Marcellin alipata habari ya kifo cha mdogo wake kwa njia aliyoisadiki. Wanawake wanaoleta samaki kutoka Tchomia walimwambia Lydie kwamba alifunga mlango, akakaa ndani bila kula, na kwamba walimsikia akilia. Walimwomba aje. Akajibu kwamba hawezi kusimama mbele ya kaburi lililofungwa na Jembe. Lydie alimtumia sauti kwa simu, ya kwake, ya mama yake, hata ya pasta. Zote zilipokelewa. Hakuna iliyojibiwa.

Barabara ya Tchomia iko wazi, na moto zinashuka na kupanda kila siku. Wiki ijayo mafundi wanakuja kumwaga simenti juu ya kaburi; mpaka hapo, udongo bado unangoja mkono wa ndugu mkubwa.