Upana wa Ukucha

Kitu cha kwanza alichokigundua kilikuwa kidogo, na kilikuwa sakafuni. Alikuwa akifagia studio asubuhi, mlango bado umefungwa, na mwanga uliopenya chini yake ulilala juu ya vumbi kama kitambaa chepesi. Kwenye vumbi hilo miguu minne ya kiti cha baba yake ilikuwa imeacha alama nne. Wiki iliyopita alama zilikuwa karibu na meza. Sasa zilikuwa zimeelekea dirishani.

Akafagia. Wiki iliyofuata kiti kilikuwa kimesogea tena, upana wa kiganja. Akafagia tena. Kiti hakitembei, anayetembea ni mwenye kiti. Baba alikuwa anaufuata mwanga, polepole, kama mtu anayemnyatia ndege asimshtue.

Binti huyo walimwita Kimya. Alipokuwa darasa la tano mwalimu alimwambia asimame asome kwa sauti. Akasimama, na kitabu kikasimama, ila sauti ilibaki imekaa. Darasa zima likacheka. Hakurudi shule. Baba hakumgombeza, walikuwa wawili tu nyumbani, ugomvi wangeuweka wapi? Alimpa nafasi nyuma ya kamera, akamwambia, "Huku hakuna anayekuuliza kitu, mwanangu. Huku kazi ni kutazama."

Akatazama.

Na lenzi, jamani, lenzi ile! Ya chuma na kioo, nzito kama jiwe la mizani, ya enzi za filamu, kabla Kimya hajazaliwa. Baba aliachiwa na fundi aliyemfundisha kazi. Kamera ilikuwa mpya, ya dijitali, nyepesi, yenye kioo mgongoni na menyu ndefu kuliko foleni ya kliniki. Hawakuwa wa ukoo mmoja, hao wawili. Baba aliwaozesha kwa pete ya chuma: upande huu inashika kamera, upande ule inashika lenzi. Ndoa ikakaa. Ila kamera haikuwahi kumtambua mwenzake. Mpaka leo inadhani haina jicho, na lazima uiambie kwenye menyu ipige hivyo hivyo, iamini tu.

Lenzi za kisasa hujitafutia zenyewe. Zinanguruma kidogo kama nzi ndani ya kopo, tayari. Hii haijitafutii kitu. Hii inangoja kidole. Unaizungusha, nayo inakwenda kwa uzito wa asali inayotoka chupani. Kwanza ukungu. Kisha umbo. Kisha kope, na ile nukta ya nuru iliyo ndani ya jicho la mtu. Bado. Bado kidogo. Hapo.

Ee hapo, hapo pa watu wachache! Hapo nywele za mtu huwaka pembeni, ngozi hulainika bila kusema uongo, na pazia la nyuma huyeyuka likazunguka kama maziwa kwenye chai inayokorogwa. Kimya alipafikia mara elfu na kila mara kifua chake kilifunguka. Hakuna mashine iliyomfanyia. Ni mtu aliyemtafuta mtu mpaka akampata.

Baba alikuwa na namna yake ya kazi. Kamera aliiweka kwenye stendi ya miguu mitatu, akazungusha lenzi mpaka akaridhika, kisha akaiacha, akasimama kando uso kwa uso na mteja, mkononi ana waya mrefu wa kubonyezea. "Mtu hakichekei kioo," alisema. "Mtu humchekea mtu." Basi huanza uchokozi. "Bwana, tabasamu, hapa si polisi!" "Mama, nyoosha shingo, haina kodi!"

Wakati wa uchokozi huo kamera hubaki na Kimya.

Siku ya kwanza alipoona kwenye kile kioo cha mgongoni kwamba baba amekosa, alidhani stendi imegongwa. Pua ya mteja ilikuwa kali, macho yake yamejaa ukungu. Akanyoosha kidole, akazungusha kulia nusu ukucha. Bado kidogo. Hapo. Waya ukabonyezwa. Baba akaja, akaitazama picha karibu kabisa na uso wake, akasema, "Unaona? Mkono wa zamani haupotei."

Kimya akatabasamu, na tabasamu hilo ndilo lililomfunga.

Maana kesho yake baba alikosa tena. Na kesho kutwa. Upande ule ule, kipimo kile kile, nusu ukucha, mpaka mwaka ulipokaribia kuisha kipimo kikawa ukucha mzima. Baba akikosa, binti anasogeza, picha inatoka, baba anajisifu. Nani angelalamika?

Hofu ikahamia kwao, ikawa mtu wa tatu mezani. Baba akimimina chai, Kimya anafuata mdomo wa birika: itafika kikombeni, haitafika. Baba akishuka ngazi mbili za mlangoni, Kimya anashuka naye moyoni, moja, mbili, salama. Akisikia kitu kimeanguka chumba cha pili hakimbii. Anasimama, anangoja kusikia baba akikohoa. Alijifunza kuweka kila kitu mahali pale pale. Alijifunza kuogopa bila kutoa sauti, kwa kuwa mengine yote alikuwa akiyafanya hivyo hivyo.

Muuguzi mmoja alikuja kupiga picha ndogo ya kitambulisho. Alimwona baba akiifuata kalamu kaunta, mkono ukaipita. Baba alipoingia ndani, akamwinamia Kimya.

"Dada, mzee anaona vizuri huyu?"

Kimya akatikisa kichwa. Hata yeye hakujua ametikisa kwa ndiyo au kwa hapana.

"Mpeleke apimwe. Kama ni mtoto wa jicho, hutolewa, anarudi kazini. Kama ni presha ya macho, ilichochukua hakirudi. Kila siku unayongoja, yenyewe inachukua. Umenisikia?"

Alisikia. Alisikia wakati wa kufagia, wakati wa kuanika nguo, wakati wa kukuna nazi. Inachukua. Inachukua. Lakini kumwambia fundi wa picha kwamba haoni, unaanzia wapi? Ni kumvua mtu shati hadharani, na mtu mwenyewe ni baba yako.

Ndipo akaja mshonaji wa jirani, amevaa gauni la mikono yake mwenyewe, futi ya kupimia nguo inaning'inia shingoni. Baba akacheka. "Niazime hiyo futi. Miaka yote unapima watu, leo unapimwa wewe!" Akaivuta kutoka kwenye kamera mpaka shavuni mwa mshonaji.

"Fundi, unanishonea nini?"

"Sura!"

Kisha akaiinua futi dirishani, akasoma namba, akaizungusha lenzi mpaka kwenye namba hiyo hiyo, zile za umbali zilizochongwa ubavuni mwake. Kimya alikuwa upande wa pili ameshika ubao mweupe wa kurudisha mwanga. Alidhani ni mzaha kama mizaha yote. Hakujua kwamba mzee hayaamini tena macho yake, na kwamba leo, kwa futi, amepata.

Aliporudi nyuma ya kamera jua lilikuwa limekipiga kioo cha mgongoni, haonekani mtu wala pazia. Kidole kikaenda kwa mazoea. Kulia, ukucha mzima. Hakuingoja ile "hapo". Waya ukabonyezwa, na kadi ya kamera ikapelekwa kuchapishwa kabla hajaitazama.

Mshonaji akarudi na picha yake, ameinua nyusi. "Fundi, ulinipiga mimi au ulipiga pazia? Pazia linaonekana mpaka uzi wake. Mimi hapa kama mzuka aliyechelewa basi!"

Baba hakucheka. "Nilipima kwa futi," alisema polepole. "Macho huchoka. Futi haichoki. Basi ni lenzi. Imezeeka, imeanza kuteleza ndani. Nitaiuza."

Kimya alikuwa nyuma yake. Maneno yalifika kooni, yakabisha hodi, akayanyima mlango. Ni mimi. Maneno mawili tu. Akachukua fagio, akafagia palipokwisha fagiliwa.

Siku ya tatu akaja mnunuzi, dada mmoja anayekusanya lenzi za zamani. Baba alikuwa ameifunga ile yao kwenye kitambaa laini kama mtoto anayepelekwa kwa watu. Dada akaifungua, akaitazamia dirishani, akaifunga kwenye kamera yake. Akamwelekea baba. Kidole chake kikazunguka, na Kimya akajikuta anazunguka naye, pumzi imesimama. Bado. Bado kidogo.

"Mungu wangu," dada akasema. "Tazameni hiyo nuru! Mzee, hii ni kali kama wembe, ndevu zako nazihesabu moja moja. Ina kosa gani?"

"Haishiki tena."

"Mbona imeshika? Hebu angalia mwenyewe."

Baba akaipokea kamera. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, akaigeuza upande wa dirisha. Mwanga ulikuwa umemjaa usoni, mwingi, wa bure, na haukumfaa kitu.

"Ndiyo," akasema. "Naona. Naona sasa."

Kioo kilikuwa kimeshazimika. Kilikuwa cheusi tii.

Dada akamtazama Kimya. Kimya akatazama mikono ya baba, ilivyokishika kile cheusi kwa heshima. Akasimama mbele yake, kama siku ile darasani. Sauti ikatoka nyembamba, imepinda.

"Baba, lenzi ni nzima. Ni mimi niliyeisogeza. Ulipata kwa futi, nikaharibu, kwa sababu mwaka huu wote nakusogezea. Huoni, Baba. Nilijua tangu kiti kilipohama, nikanyamaza. Twende ukapimwe leo. Mimi siongei, unajua. Nikiumwa unaniona, nikifurahi unaniona, hujawahi kunisikia. Macho yakienda, Baba, mimi utanijuaje?"