Chafya ya Tapnyole

Mvua za El Nino zilikuwa zimekata barabara ya Merigi, lakini kanisa lilijaa pomoni. Watu walitaka kuona Chepkurui akitubu.

Kosa lake lilikuwa hili. Mtoto wake alipozaliwa, mama mkwe wake, Bilhah, ambaye wote walimwita Kogo, yaani nyanya, alimpakata akaanza kutaja majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, mpaka mtoto akapiga chafya. Alipiga chafya lilipotajwa jina la Tapnyole. Wanawake wakapiga vigelegele, na jina likawa lake. Ndivyo Wakipsigis wanavyopewa majina tangu jadi. Sasa wazee wa kanisa walisema hapana ubatizo mpaka Chepkurui alikane jambo hilo mbele ya watu.

"Sema tu hiyo ilikuwa dini ingine," Mzee Nicholas, mwenyekiti wao, alimwambia. "Mtoto abatizwe, twende nyumbani."

Chepkurui alimwona Kogo kwenye benchi la nyuma, kichwa chini kama mwizi, mama aliyeosha sakafu ya kanisa hilo miaka nenda miaka rudi. Hasira zikampanda.

"Dini ni nini, mzee?"

"Ni kuita mtu hauwezi kumwona."

"Na asubuhi hii tumeita nani?"

Watu wakaguna. Nicholas akajikuna shingo. "Dini iko na kitabu."

"Kogo hana kitabu. Basi haikuwa dini. Nitubu nini?"

"Usinichezee! Dini ni ile inashika roho ya mtu."

"Basi yako ni majani chai. Siku ya kupima majani ya shamba lako ikiwa Jumapili, hatukuoni hapa."

Vijana wakaangua kicheko. Chepkurui hakucheka.

"Na wewe, mzee, ulipiga chafya kwa jina la nani?"

Nicholas akatazama benchi la nyuma. Kanisa zima lilijua kwamba siku aliyozaliwa Nicholas, aliyemtajia majina alikuwa Kogo Bilhah huyo huyo.

"Kama chafya yetu ni dhambi, ubatizo wako pia ufutwe. Tuanze na wewe."

"Mtoto hatabatizwa," alisema Nicholas.

Iliuma. Chepkurui alikuwa amelishona gauni jeupe la mtoto kwa mkono wake. Akaketi benchi la mbele.

"Basi nitakuja naye kila Jumapili, nikae hapa hapa, mpaka mniambie dini inaanzia wapi."

Kule nyuma benchi lililia, mtu akiinuka. Kogo Bilhah alikuja polepole katikati ya kanisa, akaketi kando yake, akampakata mtoto.

"Tapnyole," akaita, kwa sauti iliyofika mpaka nje.