Tak Moja Tu

Jamani, hamtaamini. Hata mimi niliyekuwepo bado siamini. Lakini viganja vyangu hivi hapa, tazameni: vumbi jeupe. Si unga, si chaki, si theluji. Ni rangi ya Malkia, rangi iliyopakwa juu ya rangi, mwaka juu ya mwaka, mpaka ikachoka ikawa vumbi. Ukimgusa anakuachia weupe wake. Ukimpenda, unarudi nyumbani mweupe mpaka kwenye viwiko.

Malkia wa Ziwa. Kwa wasiomjua: rolakosta ya mbao katika bustani ya michezo, hapa kwetu Ohio, Marekani, ukingoni mwa Ziwa Erie. Treni inapandishwa kilima cha reli polepole, halafu inaachiwa, inaporomoka, na roho yako inabaki kule juu ikikutafuta. Mbao tupu, nguzo kwa nguzo, msitu uliojipanga mstari. Upepo wa ziwa ukivuma, anayumba. Anayumba na haanguki. Ndivyo alivyojengwa, ayumbe asianguke.

Na sauti yake! Chini ya kila behewa kuna jino la chuma. Behewa likipanda, jino linaruka juu ya ngazi ya vyuma iliyolala katikati ya reli: tak, tak, tak. Kila tak ni neno moja: nimeshika, nyuma sirudi. Sisi watu wa rolakosta tunalala na sauti hiyo, tunaamka nayo. Kwangu ndiyo mlio wa simu. Mama akipiga, tak tak tak, moyo unapanda kabla sijasema haloo.

Tuna desturi yetu. Siku ya kufunga msimu, kabla baridi haijatufukuza ufukweni, treni ya mwisho inapanda kimya. Hakuna kelele, hakuna kuinua mikono. Mnasikiliza tak tu. Mkifika kileleni, wote kwa pamoja mnampiga Malkia ubavuni kwa kiganja, pa! Ndiyo asante yetu. Kisha mnaporomoka mkipiga mayowe kama mlioibiwa. Na hunawi mikono mpaka ufike kwako.

Kiti cha mbele, treni ya mwisho, ni cha Bi Verna Pastorek. Hakuna aliyeandika popote. Kinajulikana tu. Bibi wa mji wa Lorain, kofia ya sufu ya zambarau aliyojifumia mwenyewe, mkoba mkubwa kama mtoto mchanga. Kileleni anavua miwani, anaishika kwa meno ili upepo usiichukue. Anaporomoka hivyo hivyo, miwani mdomoni, akichekea puani. Tangu ujana wake. Tangu Malkia akiwa na rangi moja tu.

Ila msimu uliopita hakupanda. Daktari alikuwa amemkata nyonga, akamwekea ya chuma. Alisimama kwenye lango la kutokea, fimbo mkononi, akitusikiliza tukipanda bila yeye. Tuliposhuka, meneja wa bustani, Bwana Odell, koti jeusi, meno safi, akaja akamshika mkono. Mikono yote miwili! Nilikuwa narekodi. Ninayo.

"Nyonga imenisaliti, Bwana Odell," Bi Verna akasema. "Nimekosa treni yangu."

"Usijali, Bi Verna. Tuonane barafu ikiyeyuka. Kiti chako kiko palepale."

Tuonane barafu ikiyeyuka. Shikeni neno hilo. Mimi nimelishika mpaka limenichubua.

Theluji ya kwanza ikashuka. Niko kwenye foleni ya donati, simu ikatetemeka. Tangazo la bustani, picha nzuri, maandishi ya dhahabu: Malkia wa Ziwa amestaafu. Amestaafu! Kama vile aliomba mwenyewe! Kama vile aliandika barua, akakunja miguu yake ya mbao, akasema jamani nimechoka! Na chini yake: karibuni Radi, rolakosta mpya ya chuma, kubwa kuliko zote ziwani.

Hapo hasira yangu ikashika jino la kwanza. Tak.

Walingoja tufunge. Walingoja tupande treni ya mwisho tukidhani ni ya mwaka tu. Walitunyima hata kuaga, kwa sababu watu wanaoaga hulia, na wanaolia huuliza maswali. Unazika mtu kimya kimya halafu unawatangazia ndugu zake harusi. Tak.

Na wenzangu, watu wangu, wa kurasa zetu za mtandaoni za habari za rolakosta, wanaojua kila reli, kila boliti? Mioyo. Mioyo myekundu na vimoto chini ya tangazo, mamia. Tobin, swahiba wangu, mwenye ukurasa mkubwa kuliko wangu (na haachi kunikumbusha), akaniandikia: "Acha kulialia kaka. Mbao ni kuni. Chuma ndiyo maisha."

Tak.

Nikaenda Lorain. Bi Verna alikuwa anakaanga vitunguu. Akaishika simu mbali na uso, akasoma, akarudia.

"Alisema barafu ikiyeyuka," akasema.

"Alijua, Bi Verna. Reli za chuma haziagizwi kama piza, zinachukua mwaka kuja. Alijua akiwa ameushika mkono wako."

Akazima jiko. Vitunguu vikaendelea kulia kidogo kwenye kikaango, kisha vikanyamaza.

"Watambomoa lini?"

"Mwezi wa pili. Wametualika sisi wa kurasa, turekodi. Kila mmoja atapewa kipande cha ubao wake, eti kumbukumbu."

"Unaruhusiwa kuja na mgeni?"

"Naruhusiwa."

"Basi mgeni wako mimi."

Ee Malkia, ungejiona siku hiyo! Uchi katikati ya theluji, mnyororo wa kuvutia treni umeshang'olewa, winchi zimekuzunguka kama fisi wenye shingo ndefu. Ziwa nyuma yako limeganda, jeupe mpaka mbinguni, halina ng'ambo. Na mbele yako hema la joto, kahawa, donati, na Bwana Odell akijaribu kipaza sauti: moja, mbili, moja, mbili. Kazi ya kubomoa ianze baada ya chakula. Walikupangia kifo kati ya supu na chai.

Behewa lako la mbele walilileta kituoni, wakalipandisha kwenye reli, watu wapige picha. Hilo tu. Behewa moja, peke yake, kama jino lililobaki kinywani.

Bi Verna akalizunguka kwa fimbo yake. Akalishika ubavu. Kiganja kikawa cheupe.

"Naweza kukaa?"

Nani angekataa? Tulimwingiza kwa mikono minne, nyonga ya chuma kwanza. Akakaa kiti chake cha mbele, akaweka mkoba miguuni, akajishushia mwenyewe chuma cha mapajani. Kikajifunga. Vyuma vya Malkia ni vya zamani, kila kiti na chake, na kikishajifunga hakifunguki mpaka behewa lirudi kituoni, kwenye mtambo wake. Kila mmoja wetu pale alijua. Tulipiga picha. Tobin naye alipiga.

"Mnisukume kidogo," Bi Verna akasema. "Mpaka kwenye kona tu. Nisikie magurudumu."

Wakubwa wako hemani. Walinzi wako kwenye donati. Tukasukuma. Behewa likaguna, likakubali, likateleza kutoka kituoni, likakata kona kwenye theluji, na tukalifuata tukikimbia na kucheka, watu wazima wenye ndevu, tukacheka kama watoto wa chekechea, mpaka likasimama lenyewe mguuni pa kilima.

Hapo tungemrudisha. Mtu mwingine yeyote duniani angemrudisha. Fundi angemrudisha, daktari angemrudisha, hata mwizi angemrudisha! Lakini sisi ni watu wa rolakosta. Tulikuwa tumesimama mbele ya kile kilima, na kimya kile, na ngazi ya meno ikitutazama.

Tobin ndiye aliyesema. Yeye wa mbao ni kuni.

"Jamani. Tak moja tu."

Tukaangaliana.

"Moja tu, tuisikie. Halafu tunamrudisha."

Tukaweka mabega. Moja, mbili, sukuma! Tak.

Mungu wangu, ile sauti kwenye ile baridi! Ikaenda ziwani ikarudi. Tobin, mtu wa chuma, machozi yakamtoka, akajifanya ni upepo. Na hakuna aliyekumbuka, kati yetu sote tunaojidai kujua kila boliti, kwamba jino likishashika, nyuma halirudi.

"Tena," Bi Verna akasema, bila kugeuka.

Tak.

"Tena, wajukuu zangu. Mmekula nini nyie, mchuzi wa maji? Tena!"

Tak. Tak. Tukapanda naye, wengine nyuma ya behewa, wengine kwenye ngazi za kando, tunateleza, tunatukanana, buti la mtu usoni mwa mtu, tak, pumzi moshi, tak, mpaka mikono ikakataa na miguu ikakataa. Alikuwa juu ya uzio, juu ya winchi, juu ya hema. Ziwa lote lilikuwa lake.

Ndipo Bwana Odell akatoka hemani.

Sitawaambia maneno yote aliyosema, mengine hayafai, mama yangu anasoma ukurasa huu. Alikuja mpaka mguuni pa kilima, donati mkononi.

"Bi Verna! Tafadhali! Utaganda huko!"

"Nimevaa soksi mbili."

"Shuka tuongee hemani, kuna supu."

"Uliniambia tuonane barafu ikiyeyuka." Akanyoosha fimbo kuelekea ziwani, na sote, walinzi, wenye winchi, Tobin, tukageuza shingo. Weupe. Weupe mpaka mwisho wa macho. "Imeyeyuka?"

Odell akaitazama donati yake.

"Haijayeyuka. Basi nangoja. Kiti changu kiko palepale, si ulisema?"

Mwenye winchi mmoja akacheka, akageuka kukohoa. Odell akaona atakuwa kichekesho kwenye simu zote zile. Akanigeukia mimi. Sauti ya chini, ile ile ya kushika mikono miwili.

"Wewe kijana. Nimeona video zako, unavijua hivi vyuma kuliko wafanyakazi wangu. Lala chini ya behewa, inua jino, wenzako walishikilie, mlirudishe taratibu. Ukinifanyia hivyo, treni ya kwanza ya Radi, kiti cha mbele, ni chako. Wa kwanza duniani." Akangoja nimeze chambo. "Ukikataa, hukanyagi tena bustani ya kampuni hii. Maisha. Na unajua tuko kila mahali."

Nilijua. Bustani zao nazijua zote kwa majina. Nusu ya ndoto zangu ziko nyuma ya malango yao.

Na nisiwadanganye, nilitamani. Kiti cha mbele! Wa kwanza! Nikaiona video kichwani, nikaona namba zikipanda. Tena maneno yake hayakuwa ya kijinga: baridi ilikuwa kali, mtu ni bibi, nyonga mpya, na wazimamoto walikuwa wameshaitwa, wangemtoa tu kwa misumeno yao. Kuinua jino kungekuwa upole. Kungeonekana upole.

Lakini nikamtazama kule juu. Alikuwa amevua miwani. Ameishika kwa meno. Treni haina mnyororo, kilele kiko mbali, hakuna mporomoko unaokuja, na yeye ameshajiandaa. Na hasira yangu, iliyokuwa inapanda tangu foleni ya donati, jino kwa jino, ikafika juu. Haikurudi. Haina njia ya kurudi.

Nikampa Tobin simu yangu. Mimi! Simu yangu! Nikapanda ngazi za kando kwa mikono mitupu, nikaingia behewani, nikakaa kando ya Bi Verna. Nikashusha chuma cha mapajani.

Tak.

"Umechelewa," akasema, miwani ikiwa bado menoni.

Tukakaa kimya, kama inavyopaswa. Kisha, bila kuambiana, tukampiga Malkia ubavuni, pa! Na chini, Tobin akapiga nguzo kwa kiganja. Pa! Na yule wa buti, na mwenye winchi aliyekohoa, nguzo kwa nguzo, pa, pa, pa, mpaka Malkia mzima akatetemeka, na rangi yake ikaachia. Ikashuka juu yetu sote, polepole, nyeupe, theluji yake mwenyewe. Ikamwangukia Odell kwenye koti jeusi, akajipangusa, akajipangusa, haikutoka.

Wazimamoto walitushusha. Kesho yake Malkia alilala chini. Leo asubuhi barua ya kunifungia malango yote imeingia kwenye simu, na naisoma kwa kidole cheupe, kwa sababu sijanawa. Bi Verna naye hajanawa. Anasema atanawa barafu ikiyeyuka.

Sasa niambieni, ninyi mlioko kwenye joto, kikombe mkononi. Kiti cha mbele cha Radi kiko chini, bibi yuko juu, na jino limeshika. Ungekuwa wewe, ungefanya nini?