Shule Iliyofunguliwa kwa Bahati Mbaya Xintang

Mwaka 2006 Sista Leokadia alifika kwenye kiwanda kimoja cha jinzi huko Xintang, nje kidogo ya Guangzhou, akiwa na futi ya fundi shingoni, kengele ndani ya mkoba, na Kassian, mwanafunzi wa Kitanzania aliyemtafsiria kwa malipo ya chakula cha mchana. Shirika lake lilikuwa linajenga shule ya wasichana kwenye kijiji cha walowezi wa tumbaku huko Urambo. Sare zingekuwa sketi za jinzi, maana binti wa mkulima wa tumbaku huimaliza sketi ya kitambaa chepesi kabla Kwaresima haijaisha. Majengo aliachiwa Mtakatifu Yosefu, ambaye hachoki kusumbuliwa. Sketi alipewa Leokadia.

Kwa masista hawa sketi haipimwi kwa futi peke yake. Msichana huivaa, kengele hulia, yeye hupiga magoti, na upindo lazima uguse sakafu. Usipogusa, ni uhuni. Kwa kuwa hapakuwa na mwanafunzi, Sista akamwita mshonaji wa karibu na mlango, Chunlan, aliyekuja kutoka kijiji cha mbali. Karatasi zake zilisema ana miaka kumi na minane. Uso wake ulisema kumi na minne.

Sista akamvalisha sketi moja, akapiga kengele. Chunlan akapiga magoti, upindo ukagusa sakafu, na sketi zote zilizokwisha kushonwa zikashuka mezani na kupiga magoti nyuma yake, ingawa magoti hazikuwa nayo.

"Sista," Kassian akasema, "nadhani hizi zinasubiri sala."

Leokadia akashika kichwa. Sketi hazikumsumbua, kilichomsumbua ni katiba ya shirika, aliyoijua kwa ghibu: penye sista, kengele, na msichana aliyepiga magoti akiwa na sare, shule imefunguliwa, na hakuna wa kuifunga ila Mama Mkuu. Masista walioitunga walikuwa na haraka ya mbinguni, hawakuifikiria Xintang. Akampigia simu Mama Mkuu.

"Zimebatizwa?" Mama Mkuu akauliza.

"Mama, hazina vichwa vya kumwagia maji."

"Basi zifundishe hivyo hivyo. Na uombe punguzo."

Akazifundisha. Sketi zilikaa juu ya marobota, zikajifunza hesabu, Kiswahili na Baba Yetu. Ile aliyoijaribu Chunlan ndiyo iliyoongoza darasa, kwa sababu Chunlan mwenyewe, kichwa kikiwa kimeinamia cherehani, alitamka kila jibu kwa midomo bila sauti. Alipokosa, sketi ilikosa. Alipopata, iliinua upindo kwa furaha, mpaka Sista akaikataza kwa ajili ya heshima.

Mwenye kiwanda, ambaye wafanyabiashara wote walimwita Laobani, yaani bosi, alitazama siku mbili, kisha akapandisha bei.

"Anasema zamani ilikuwa sketi tu," Kassian akatafsiri. "Sasa imesoma."

Sista hakubishana. "Mwambie namwomba huyu binti. Saa mbili tu kwa siku, akae mbele yangu na kalamu."

"Meiyou!" Laobani akakataa kabla hajatafsiriwa, kisha akaongeza maneno mengine. Kassian aliyatafsiri huku akiangalia viatu vyake.

"Anasema wewe ndiye uliyetaka mzigo upakiwe kabla ya Krismasi. Akikaa darasani, nani atashona?"

Aibu ikamshika Leokadia mpaka masikio yakamwaka moto chini ya shela. Angeweza kusema mzigo ungoje. Lakini walowezi walikuwa wameshafyatua matofali, na askofu ameshaalikwa. Chunlan akaikunja sketi yake, akaiweka juu kabisa ya robota, akarudi kwenye cherehani.

Shule ya Urambo ilifunguliwa Januari. Sketi zilijua hesabu kuliko mabinti waliozivaa, zikawa zinawanong'oneza, jambo lililosaidia sana matokeo ya mitihani. Moja tu haikukubali kuvaliwa. Ilikaa dawati la mbele peke yake, na jina la Chunlan lilipoitwa ilijibu, "Dao," yaani nipo. Mkaguzi wa elimu alipokuja aliuliza tu kama ada yake imelipwa. Kisha akaisimamisha mbele ya wenzake na kuisifu: tangu shule ifunguliwe, haijakosa hata siku moja.

Sista Leokadia akapiga makofi pamoja na wengine. Huko Xintang, Chunlan naye hakuwa amekosa hata siku moja. Mwezi huo alikuwa anashona sare za kidato cha pili, ambazo Sista mwenyewe ndiye aliyeziagiza.