Bunduki ya Nyani

Mimi nauza bunduki, na simpendi mteja anayeingia akitaja jina la bunduki aliyoiona kwenye sinema. Dukani kwetu, ghorofa ya pili, hatua chache kutoka River Road, mwenye kuuliza ni mimi. Unapiga nini? Kutoka umbali gani? Utaegemea wapi? Ukinijibu hayo bila kubabaika, bunduki inajichagua yenyewe. Uwindaji ulipigwa marufuku kabla sijazaliwa, kwa hivyo wateja wangu ni watu wa mchezo wa shabaha, au wakulima wenye kibali cha mnyama msumbufu.

Waithaka alikuwa wa nyani. Mtu wa makamo, mwenye nyumba za kupangisha Kabiria, pembeni mwa Nairobi, koti safi, salamu nyingi. Karatasi zake zilikuwa kamili kuliko za wengi. Alisema nyani wanamalizia mahindi shambani kwake Kinangop. Mita mia na ishirini hivi, na angeegemea dirisha.

Bunduki ya marisau nikaiweka kando, maana kwa umbali huo ni kelele tu. Ile ya nyati ingemvunja bega bure. Nikamshushia nyepesi, ya risasi ndogo yenye mbio, mtutu mzito kidogo ili usitikisike, na darubini juu yake. Alipoiweka begani ilimkaa kama koti la kushonewa. Nilijisikia vizuri, sikatai. Kazi yangu naijua.

Nikiwa naandika namba, yeye aliendelea na stori. Baba yao alikuwa ameandikisha ploti ya Kabiria kwa jina la mjukuu, Debra, binti wa ndugu yake marehemu. Mtoto wa miaka tisa, na yeye Waithaka ameishi pale miaka hamsini. Mpaka mtoto akue, mama yake ndiye mwenye kuishikilia. Wasingekuwa hao wawili, alisema, ploti ingekuwa yake. Nikampa pole bila kusikiliza sana, kisha nikamuuliza hao nyani wana urefu gani, nipate kurekebisha darubini.

Akainua mkono hadi kwenye mbavu zake, vidole vikielekea juu.

Kwetu Ukambani, na kwao Wakikuyu vilevile, mkono una adabu yake. Mbuzi au mbwa unampima kwa kiganja kilicholala. Mtoto wa mtu humlazii kiganja, utamdumaza. Unasimamisha vidole ili aendelee kukua. Hayo hatukufundishwa darasani, mkono unajua wenyewe.

Waithaka aliona ninachokitazama. Polepole, palepale hewani, akakilaza kiganja.

Niliogopa, halafu hasira ikaja juu ya ile hofu.

"Hii siuzi," nikamwambia.

"Makaratasi yangu iko sawa, madam?"

"Iko sawa."

"Basi shida iko wapi?"

"Wewe unajua."

Alikusanya karatasi zake taratibu akasema Nairobi ina maduka mengi. Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Afisa wa polisi niliyemweleza aliandika mstari mmoja, akaniuliza kama nataka mtu ashtakiwe kwa kuinua mkono. Nikawapigia wauzaji wote ninaowajua. Wengi walicheka. Musili peke yake, ambaye tulianza kazi hii pamoja, aliniahidi kwamba mtu huyo akija atamuuliza urefu wa nyani na kuuangalia mkono.

Jioni hiyo nikaenda Kabiria, nikiulizia ploti ya mtoto Debra. Nilimkuta Wanjira, mama yake Debra, akianua nguo. Sikuwa nimemaliza habari ya mkono alipoketi juu ya beseni lililopinduliwa. Hakudai ushahidi wowote. Ng'ambo ya bonde, mita mia na ishirini hivi, nyumba ya shemeji yake Waithaka ilikuwa imefungua madirisha yote.

Nikamsihi waondoke wote wawili. Akakataa.

"Nikihama, amechukua ploti bila kununua hata risasi moja," akasema. "Mimi sitoki. Debra ndiye aende."

Kabla ya giza nikamsindikiza mtoto hadi Ngong kwa dada yake Wanjira. Njia nzima aliniuliza mbona mama hakuja, nami nikamdanganya. Usiku huo nililala usingizi mzuri, nikijua mtoto yuko salama.

Siku ya nane Musili akapiga simu, sauti yake imechangamka.

"Mukai, yule wako wa nyani alikuja leo asubuhi. Nilimuuliza vile uliniambia, na nikaangalia mkono. Akalaza kiganja fiti kabisa, kama mtu anapima ng'ombe. Makaratasi yako sawa. Nikamuuzia."

"Alikilaza wapi?"

"Kwa bega. Anasema wale wadogo walitoroka, sasa imebaki jike moja kubwa. Ile yako nyepesi haingemtosha. Nimempea ya risasi nzito kidogo."