Kiti cha Dereva

Sabuni ilikuwa haionekani Biharamulo mwaka ule wa sabini na tisa, lakini Bwana Pancras, msimamizi wa karakana ya idara, alipata kipande cha mche, anajua mwenyewe kwa nani, akamkabidhi Ndassa kama anayekabidhi funguo za hazina.

"Keshokutwa saa mbili asubuhi Land Rover inakwenda Ngara," alisema. "Nataka viti ving'ae. Na usinichane kitu. Hiyo ni mali ya umma. Ukitia kisu, kazi huna, na utajieleza kwa wakubwa."

Pancras alikuwa akiitaja mali ya umma utadhani ameizaa yeye. Ndassa, fundi wa viti na viatu, aliitikia tu. Mtu mwenye watoto sita hana nafasi ya kujibishana.

Gari lilikuwa limechukuliwa kwenda vitani pamoja na dereva wake, Bulugu. Gari likarudi. Bulugu alizikwa huko huko alikouawa, ng'ambo ya Mutukula, na mama yake, Nshoma, akapelekewa barua.

Viti viwili vya mbele havikuwa sawa. Cha bosi wa idara, Ndassa mwenyewe alikuwa amekivika ngozi ya ng'ombe, baada ya plastiki yake kupasuka kwa jua na madukani kukosekana nyingine. Cha dereva kilibaki na plastiki nyeusi ya kiwandani, ile inayojifanya ngozi. Bulugu alikuwa akimtania kila akipita kibandani kwake: "Bosi umemkalisha juu ya ng'ombe, mimi umeniacha juu ya ndoo."

Kazi ya ngozi ilimpa raha kidogo. Aliifuta vumbi kwa kitambaa kilichokamuliwa, akaiacha ikauke kivulini, kisha akaipaka samli kwa vidole, nayo ikanywa mpaka mikunjo ikalainika. Plastiki hainywi kitu. Ukiipaka samli inateleza tu na kukusanya vumbi. Hiyo inataka maji ya vuguvugu, povu kidogo na subira, na subira yake yote Ndassa alikuwa ameimalizia siku mbili juu ya doa la kahawia lililoteremka kwenye mgongo wa kiti cha dereva. Doa lilitoka. Kwenye mshono halikutoka. Lilikuwa limeingia ndani ya uzi, na kila alipolisugua aliona aibu, maana alijua ni la nani, na bado alikuwa akiomba liishe.

Alikuwa ameinama mlangoni mwa gari Nshoma alipofika. Mama huyo alikuwa ametoka kwa miguu tangu alfajiri, kutoka kijiji walikohamishiwa yeye na ng'ombe wake wakati wa operesheni ya vijiji.

"Shikamoo, mayu," Ndassa alimwamkia, akimwita mama kwa Kisukuma chao.

"Marahaba, baba. Gari ndilo hili?"

"Ndilo."

"Nimeambiwa alifia kwenye kiti. Msiba wangu uko wazi tangu mwezi wa pili, na watu wako nyumbani wananingoja. Nikatie kile kiti nikakizike."

Ndassa alielewa haraka mno, na hapo ndipo alipokosea. Kwao Usukumani mwanamume hazikwi bila ngozi ya ng'ombe. Akadhani mama amefuata ngozi, na kiti cha Bulugu hakikuwa na ngozi hata ya kushonea ala ya kisu. Amwambie nini? Tena akamkumbuka Pancras, akawakumbuka na watoto sita. Akaingia kibandani, akatoa kipande kilichobaki siku alipokivika kiti cha bosi, akampa kwa mikono miwili.

"Hii ndiyo ya kiti chake, mayu."

Nshoma aliiminya, akainusa, akaigeuza upande wa nyama. Alikuwa amezeekea zizini.

"Huyu ng'ombe hajakaliwa na mtu," alisema, akamrudishia. "Baba, ngozi ninayo. Jana nimechinja dume jeusi. Ngozi ni ya kumfunikia. Mimi nimemfuata mwanangu."

Uso ulimwaka Ndassa. Alitamani ardhi immeze, ila ardhi ya Biharamulo ilikuwa kavu, haikuwa na haraka naye.

"Kiti chake ni hiki," alisema. "Si ngozi, ni plastiki. Na nimekiosha, mayu. Siku mbili nakiosha. Niliambiwa king'ae. Sikujua kama utakuja. Pamebaki hapa tu, kwenye mshono."

Alingoja kilio. Nshoma alipitisha kiganja juu ya kiti chote, taratibu, mpaka kikafika kwenye uzi ule mweusi, kikatulia hapo.

"Uliosha kwa maji gani?"

"Ya vuguvugu."

"Sabuni ulipata?"

"Kipande."

"Na ni mikono yako mwenyewe?"

"Yangu, mayu."

"Wenzake waliniambia walimfukia na matope yake, hapakuwa na nafasi. Miezi yote hii silali kwa hilo, kwamba mwanangu hakuoshwa." Alivuta pumzi. "Basi ameoshwa. Na ameoshwa na mtu aliyemjua."

Alitandika kanga yake chini, karibu na gurudumu, akakaa kungoja.

Ndassa alichukua wembe. Atakalomwambia Pancras kesho saa mbili hakulijua. Alianzia mbali na mshono, akaukata mgongo wote wa kiti polepole, mkono mmoja ukiwa umeushikilia kwa chini, ili asimchane.