Mwiko wa Nyumba ya Mwindaji

Nyumba ya Levina pale Isevya haikuujua upweke. Anayetoka sokoni hupitia kutua kapu, anayekwenda misa ya pili hupitia kuulizia ya misa ya kwanza, na asiye na safari yoyote ndiye anayekaa mpaka birika linakauka. Kwa hiyo habari kwamba mume wake, Adriano, anakwenda kuwinda fisi huko nyikani Itigi, mtaa ulikuwa nayo kabla mwenyewe hajaweka simu mfukoni.

Aliyepiga simu ni Limbu, mdogo wake Adriano, aliyehamia huko na ng'ombe wake. Fisi walilizoea zizi lake kama wateja wa mama ntilie. Walianza na mbuzi, sasa wamefika kwa ndama. Afisa wanyamapori alikwisha toa kibali na askari mwenye bunduki, lakini askari huyo ni mgeni wa kazi, anataka mtu wa kumsomea nyayo.

"Kaka, njoo," Limbu alisema. "Umebaki wewe."

Neno hilo lilimwingia Adriano. Wenzake aliowinda nao porini Bukene, walio hai magoti yamekataa. Naye Bukene aliijua kama kiganja chake. Lakini nchi ya Itigi aliwahi kuiona kupitia dirisha la treni tu, tena akisinzia.

Jumapili alasiri watu wakajaa uani kupanga safari ambayo wengi wao hawaendi. Levina akazungusha chai na sinia la michembe, viazi vilivyokaushwa vikachemshwa na karanga.

"Babu yangu alibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani," alianza Mzee Omari, jirani wa ukuta kwa ukuta. "Unapita Kigwa, unapita Rubuga, unafika Tura. Baada ya Tura ndiyo hiyo nchi sasa. Wao waliiita Mgunda Mkali, yaani shamba kali. Babu alisema hapo hata mwimbaji wa msafara alifunga mdomo, kutunza mate."

"Mate, Mzee Omari?" Levina akauliza.

"Mate, mama. Kiu haina adabu."

"Sasa babu alitunza mate, wewe mjukuu umerithi nini?" akadakia Pelagia, rafiki wa Levina wa kufa na kuzikana. "Maana tangu tumekaa hapa hujameza hata funda moja la chai kwa kuongea!"

Uani kukalipuka kicheko. Adriano naye alicheka, kisha akampigia Limbu, akaweka simu katikati ya sinia ili kila mtu asikie.

"Ardhi ya huko ikoje? Mchanga au changarawe?"

"Changarawe, kaka. Ngumu kama sakafu."

"Basi nyayo za kufuata hakuna. Maji yako wapi?"

"Lambo moja tu. Limebaki tope."

"Jioni upepo unatoka wapi?"

"Unatoka mawio."

Adriano akachora kwa kidole vumbini. Levina akamtazama. Miaka mingapi hajamwona hivi, mgongo umenyooka, macho yanatazama kitu ambacho hakipo uani! Ndivyo alivyokuwa kijana aliyekuja kijijini kwao Lusu kumposa, ananuka moshi wa porini, hana maneno mengi.

"Hatutamfukuza nyikani, tutakufa na kiu," Adriano akasema. "Tutamkalia penye lambo, upande wa machweo, upepo ukitujia usoni. Kiu itamleta yeye."

Watu wakaguna kwa kuridhika, kana kwamba fisi amekwisha anguka.

"Limebaki jambo moja," akaongeza, akamwangalia mkewe.

Pelagia ndiye aliyeng'amua kwanza. "Mama yangu! Mwiko!"

Kila aliyekulia kijijini aliujua. Mwindaji akiwa porini, mkewe hufunga nyumba. Hapokei mgeni, hatoi moto wala chumvi, hagombani, hacheki kwa sauti, mpaka mume arudi. Nyumba ikichangamka, mnyama naye huchangamka.

"Levina anyamaze?" Pelagia alishika mbavu. "Huyu? Fisi ataota pembe kwanza! Na simu je? Kutuma meseji nako ni kupokea mgeni?"

Adriano akafikiri. "Simu ni mdomo. Izimwe."

Wakacheka mpaka wakapanguza machozi. Levina alicheka nao, kisha akabeba birika, akaingia jikoni, akasimama tu.

Alikumbuka Lusu. Baba yake akiwa porini, mama yake alikaa mlangoni kama mgonjwa, na watoto wa jirani walipita mbali bila kusalimia. "Usicheke," mama alimwambia, "utamwamsha simba aliyelala karibu na baba yako." Aliuchukia ukimya ule. Lakini siku pembe ya baba ilipolia ng'ambo ya mashamba! Vigelegele vilipokewa kaya kwa kaya, ngoma ikashushwa, watu wakamiminika, nyumba ikajaa mpaka wengine wakakaa juu ya mawe ya kusagia. Kila karamu Levina aliyoiandaa baadaye, ndani yake alikuwa akiitafuta siku ile.

Na alikumbuka mwaka ule mwingine. Jirani mwenye mtoto mgonjwa aliomba kaa la moto, mama akampa. Baba akarudi mguu umechanwa. Mwenyewe hakusema kitu. Ukoo ndio uliosema, na mpaka anazikwa, mama alikuwa "yule aliyetoa moto."

Jioni watu walipotawanyika, Levina alimkuta Adriano akikaza kamba za madumu.

"Baba Erasmus, wewe kiongozi wa jumuiya, unayaamini haya?"

"Padri akiniuliza, siyaamini."

"Anayekuuliza ni mimi."

Adriano akaiacha kamba. "Nitakaa penye lambo katika nchi nisiyoijua. Hata miti yake sijui inaitwaje. Kitu kimoja tu nitakachokijua ni wewe umekaa wapi. Nikijua umetulia, na mimi natulia."

"Na ukichanwa? Watasema nani amekuchana?"

Mumewe hakukimbilia kumdanganya. "Watasema wewe."

"Na wewe utasema nini?"

"Nitasema fisi ana meno."

Levina akaangua kicheko, akacheka kirefu, kama mtu anayeweka akiba. Alipomaliza akasema, "Nenda. Nitafunga."

Treni ilipoondoka na Adriano, geti la Levina lilikuwa limekwisha komewa na simu imelala kabatini, imezimwa. Asubuhi ilipita. Akafagia, akapika, akala peke yake, akasikia hatua zikifika getini, zikisita, zikiendelea na safari. Mara mbili alijikuta ameshika komeo. Mara mbili akamwona mama yake, akaliachia.

Jua lilipoanza kuinama, kitu kikatua kwa kishindo upande wa pili wa ukuta.

"Mimi sijabisha hodi," ilisema sauti ya Pelagia. "Nimechoka, nimekaa kivulini kwenye ukuta wa watu. Na ukuta nao una masikio, basi niuambie ya mjini. Ukuta wee! Harusi ya Cheyo imevunjika! Bwana harusi kafika kanisani, mama mkwe kamkuta na pete ya mwanamke mwingine. Nasikia huyo mwanamke ni wa Kanyenye."

Levina akaruka. Wa Kanyenye wapi! Ni wa Bukene, yeye Levina anamjua mama wa huyo mwanamke, mpaka na shangazi yake! Jibu lilimfika kwenye meno. Akavuta kigoda mpaka ukutani, akakaa, akajaza pindo la khanga mdomoni.

"Mimi nilisikia wa Ipuli," ilikuja sauti ya Mzee Omari.

"Ipuli! Mzee, nani kakwambia?"

"Sogea kwanza nami nikae."

Wakaongezeka wengine. Mtu akaleta mkeka, mwingine karanga, na hadithi ikazidi kuharibiwa, kila mmoja akimbadilishia yule mwanamke mtaa. Nje ya ukuta palijaa kama siku ya sikukuu. Ndani alikuwa mmoja tu, khanga mdomoni, mabega yanatikisika, machozi yanamtiririka, na sauti haitoki.